Maua ya Shubakani

Hoteli nilimokuwa nikifanya usafi Al Garhoud, huku Uarabuni, ilipoamua kufungua mkahawa wa Kijapani, meneja wetu, tuliyemwita sir, alitutangazia kwamba mmoja wetu atafundishwa kupanga maua. Akipatikana wa kufaa kabla ya ufunguzi, ataachana na vyoo. Asipopatikana, kazi itapewa kampuni ya nje. Nilinyoosha mkono hata hajamaliza kusema. Kanisani kwetu Kenya mimi ndiye niliyekuwa nikipamba madhabahu, na harusi za mtaa mzima zilipitia mikononi mwangu. Nani tena angenishinda?

Mwalimu alikuwa mama wa Kijapani, mfupi, mwenye mvi, tulimwita madam. Alinionyesha shubaka lililojengwa ukutani, ambamo alikuwa ametundika mchoro mrefu wa mlima uliochorwa kwa wino mweusi, akaniambia nipange maua chini yake. Nikapanga. Mayungiyungi kulia, mayungiyungi kushoto, waridi katikati, majani kila penye upenyo, na utepe juu yake. Bibi harusi yeyote angelia kwa furaha.

Madam akayatazama, akasema asante, kisha akaanza kuchomoa. Ua moja, jingine, na jingine, taratibu, kama mtu anayenyonyoa kuku. Likabaki yungiyungi moja limeinama upande.

"Sasa linapumua," akasema.

Nilikasirika, sifichi. Kwetu ukiweka ua moja madhabahuni, waumini watauliza kama kanisa limefilisika. Ikawa ndiyo kazi yetu: kila nikimaliza zamu mimi najaza, yeye anachomoa, na siku ya ufunguzi inakaribia.

Juu ya hayo, mwenzangu wa chumbani, dada mlokole kutoka Kampala, akaniletea jingine. "Dada, hayo maua si ni ya masanamu? Utapambia masanamu kweli?"

Neno hilo lilinikosesha raha. Kesho yake nikamuuliza madam waziwazi. Hakuchukia. Alinieleza kwamba zamani watawa wa Kibudha waliweka maua mbele ya Buddha, pamoja na ubani na mshumaa, na ufundi huu ulianzia hapo, baadaye ukaingia majumbani. Tawi refu ni mbingu, la chini ni ardhi, na la kati ni binadamu. "Hapo katikati usijaze," akasema. "Mwachie mgeni nafasi."

Nikamwangalia upya. Kumbe huyu mama na mimi sote tulikuwa wapambaji wa madhabahu, kila mtu na yake! Jioni nikamwambia mwenzangu kwamba Mungu wangu ni yuleyule, na maua kayaumba Yeye. Akaguna, lakini hakunisumbua tena.

Siku ya ufunguzi madam aliniacha peke yangu. Mtunza bustani alikuwa amenikatia tawi la bogenvilia kutoka kule maegeshoni, limepindishwa na upepo, lina maua ya kuhesabika. Nikalisimamisha liwe mbingu. Kitawi chake kifupi nikakiegemeza kati, na chini nikaweka yungiyungi moja. Mkono uliniwasha kuongeza waridi, nikautia mfukoni.

Wageni wa kwanza walikuwa wazee wa Kijapani. Kabla ya kwenda kukaa, walipiga magoti mbele ya shubaka, wakainama mapaji ya nyuso karibu yaguse mkeka. Madam akaninong'oneza kwamba ndiyo desturi, mgeni husalimu kwanza mchoro na maua. Mzee mmoja akauliza ni mwalimu gani aliyeyapanga. Madam akanishika bega, nikiwa bado na sare yangu ya usafi, akanisogeza mbele. Yule mzee akageuka, bado yuko magotini, akaniinamia mimi.

Sir alikuwa mlangoni, ameona yote. "Khalas," akasema. "Vyoo basi. Kuanzia kesho maua ni yako, hapa na ukumbini."

Nilikimbilia jikoni nikapiga kigelegele, mpishi akaangusha mwiko na kuuliza nani anaolewa.

"Hakuna," nikamwambia. "Nimepata kazi yangu."