Jina la Jaani na Jina la Kitabuni

Mwanangu wa tatu ana majina mawili, na moja alitiwa kwa ubishi. Silitaji hapa hata moja. Mwenyewe yu hai na ana wajukuu.

Kabla yake nilizika wawili, wote hawakufika hata kukaa kitako. Ndipo mavyaa, mamake mume wangu, akasema huyu alazwe jaani kidogo, juu ya majivu na maganda ya muhogo, aitwe jina la takataka, ili jicho baya limpite. Kwetu Mgogoni ndivyo ilivyokuwa. Mavyaa sikumpenda, naye hakunipenda, lakini kwa hilo tulikuwa kitu kimoja.

Aliyeleta fujo ni shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa akisoma Unguja. Ilikuwa miaka ile siasa imetugawa hadi kisimani. Akaja likizo na karatasi kubwa ya visanduku, akaibandika ukumbini. Mie nimo chumbani na arubaini yangu ya uzazi, namsikia nyuma ya pazia akihubiri. Ati kila kitu duniani kimetokana na elementi, na aliyeivumbua ndiye mwenye haki ya kuipa jina. Moja imeitwa jua, kwa kuwa ilionekana kwanza kwenye mwanga wa jua. Nyengine imepewa jina la nchi ya aliyeivumbua. Alama ya kila moja ni herufi moja; ikiwa imeshachukuliwa na mwenzake, huongezwa ya pili. Chuma huandikwa kwa herufi za jina lake la Kirumi cha kale. Hata koo zao zina majina: upo ukoo uitwao wazaa chumvi, kwa kazi yao hiyo.

"Mawe na hewa vimepewa majina ya maana," akasema, "na nyinyi mwataka kumwita binadamu taka."

Nikamuuliza kama hakuna hata moja yenye jina baya. Mwongo hakuwa, hilo nampa. Akasema ipo iliyoitwa uvundo, kwa harufu yake, na nyengine mvivu, kwa kuwa haishirikiani na yoyote.

"Na huyo uvundo wamemtupa?"

"Hawakumtupa. Yumo."

"Basi na wangu atakuwamo. Ondoka mlangoni kwangu."

Siku ya saba, mtoto hajanyolewa bado, shemeji akasimama barazani mbele ya wageni akatangaza jina zuri alilolichagua mwenyewe. Wanaume wakasema mashaallah. Mume wangu akainamia sahani yake. Mavyaa akatoka na wembe mkononi, akamwambia mwanawe mdogo, "Umeshamwita hadharani. Akifa, utamzika weye na karatasi yako."

Jaani tulimpeleka vivyo hivyo, nzi wakimtambaa usoni. Mwaka mzima kila homa yake nilimlaani shemeji. Wali wangu hakuuonja tena.

Likizo iliyofuata alikuja na halua ya Wete. Mtoto keshaanza kutembea, yuko uani anachimbua udongo. Shemeji akachutama, akamwita kwa lile jina zuri. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti ya kubembeleza, kapanua mikono. Wapi.

Nikamwita mie, jina la jaani. Akaja mbio, udongo tele mdomoni.

"Skuli watamwita utakavyo," nikamwambia shemeji. "Hapa hapana."

Nikambeba mwanangu, nikaingia ndani, nikatia komeo.