Nilipasua makaratasi ya mashini juu ya kumuchukia Kavira

Ni mimi nilikosa. Si shetani, si bahati mubaya. Mimi! Jina langu hamutalipata hapa, juu niko na haya.

Mu Kimemi, kule Butembo, tulikuwa na atelier, karakana ya mbao ya batu bote: unakuwa membre, unajifunza, unatumia mashini. Cahier, ile daftari ya mafundisho, ilikuwa mu Kifaransa. Mimi nilisomaka kidogo, donc comité ikanipa kazi ya kufundisha benzangu mu Kiswahili. Batu bakaanza kuniita formateur, ni kusema mwalimu. Mawe! Ile jina ilinipanda mu kichwa.

Akakuya Kavira, mama mulimaji wa Vuhovi. Anauliza, anaandika kila kitu. Siku moja nikamukuta anaonyesha bamama wengine namna ya kunoa raboti, ile randa ya kulainisha mbao, na banamusikiliza kuliko mimi. Nilimuchukia. Nasema kweli, nilimuchukia sana.

Nikapasua mu cahier makaratasi yote ya musumeno ya moteur, ile inazunguka ku meza, nikayachoma mu jiko, asipate pengine pa kusoma.

Siku ya kufundisha ile mashini akaniuliza mbele ya batu: « Formateur, haka kachuma nyuma ya musumeno ni ka nini? »

Nilijua! Kanazuia mbao isifinye musumeno na kuruka.

« Kanakawisha kazi tu, mama. Toa. »

Nilitaka mbao iruke kidogo, ashituke, bamucheke, arudie shamba yake. Akaandika, akakatoa, akasukuma mbao. Mbao iliruka kweli. Mukono wake ukavutwa. Bidole bitatu bikakatika! Ee Mungu wangu, vile alilia!

Na unajua nilifanya nini? Nilimufunga na chemise yangu, kisha nikaambia comité: « Huyu mama ni kichwa nguvu. Nilimukatazaka. » Bakaniamini!

Ku mukutano ya comité, dada mukubwa wa Kavira akaingia na daftari ya Kavira. Akasoma kwa sauti: « Formateur amesema: kachuma ka nyuma kanakawisha kazi. Toa. » Akanikazia macho. « Ni wewe ulisema, ama hapana? »

Mama moja akanitemea mate. Bakanifukuza pale pale.

Nikaenda kwa Kavira kuomba musamaha. Hakunipa hata kiti.

« Tuliona mahali ulipasua cahier, » akasema. « Leta makaratasi. Ule musamaha wako siko na kazi nayo. Benzangu beko ku ile mashini bila kujua kitu. »

Nitaleta nini? Majivu?

Sasa niko Mavivi, natengeneza biti bya kukalia peke yangu. Bibi yangu alibakia Butembo. Alisema hawezi kulala na mutu kama mimi. Juzi jirani aliniomba nimufundishe kazi. Nilikataa. Naogopa kinywa changu.

Wewe unayefundisha, sikia! Kama unachukia mutu, mutukane, mufukuze, mugombane. Lakini usimudanganye juu ya mashini. Kavira alinyoosha mukono ku mashini sababu aliniamini.