Chanuo la Karafuu na Mfano Nilioupiga Tupa

Kosa langu la mwanzo nililifanya baada ya kutia saini mapatano na fundi: niliuomba kwake mfano wa kazi yangu, nikarudi nao nyumbani Ole, nikaupiga tupa.

Ulikuwa mfano wa chanuo la kuchambulia karafuu, ubao wenye meno ya chuma. Unavuta kishada kwenye meno, karafuu zinadondoka, makonyo yanabaki mkononi. Nililibuni mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Fundi mmoja wa Tibirinzi alikubali kutengeneza machanuo kama hilo na kuyauza. Karatasi yetu ilisema atafuata mfano aliopewa na kuchoma alama yangu kwenye kila ubao. Akienda kinyume, ruhusa imekwisha. Alikuwa keshachukua vipimo, ndiyo maana akaniachia mfano.

Msimu ulipoanza, bibi mmoja jirani alikuja na pakacha, akanimwagia karafuu mlangoni.

"Mwanangu, chanuo lako lanikatia karafuu vichwa! Karafuu haina kichwa, nani ataipokea?"

Alama ilikuwa yangu, na aibu yangu. Nilimtaka fundi aache; akakataa. Nikamshitaki kwa Mudir, mtawala wa eneo letu.

Mudir aliweka machanuo mawili mezani, la fundi na mfano wangu. Meno ya langu yaliachana zaidi, hata karani aliliona hilo kutoka kwenye kiti chake.

"Mzee, umeibadili kazi ya kijana," Mudir akamwambia fundi.

"Bwana Mudir, huyu hata kanzu yake ya harusi ataifumua mbele ya shehe akiona mshono umepinda. Muulize, huo ndio mfano alionipa?"

Karani akacheka. Mudir hakucheka.

"Ndio huu?"

Ningesema ndio, ningeshinda. Hatukuwa na shahidi. Lakini yale meno yaliyobanana kwenye chanuo la fundi yalikuwa ya vipimo vyangu mwenyewe. Nililigundua kosa siku chache baada ya saini, nikalisahihisha peke yangu, nikaona haya kumwambia fundi. Kisha nikajiaminisha kwamba mwongo ni yeye.

"Sio," nikasema. "Huu nimeupiga tupa baadaye. Sikumwambia."

Fundi alinitazama. "Ungesema siku ile, mimi ningeyatanua. Sasa chuma chote nimeshakata."

Nilishindwa. Machanuo yale yaliuzwa msimu mzima, na alama yangu juu yake.

Siku hizi nikiona kosa katika kazi yangu, namwambia anayeitengeneza siku hiyo hiyo, nasi tunaandikiana upya.