Wifi na Wageni wa Mshubiri

Wifi yangu alifagia maabara ya udongo miaka kumi na tisa, na muda wote huo vumbi halikuthubutu kutua mbele yake. Mimi mwenyewe nilimwona nzi akipangusa miguu mlangoni kabla ya kuingia.

Asubuhi moja akakuta mezani makopo kumi na mawili ya udongo uliotolewa kwenye mizizi ya mshubiri, ule mmea mchungu wa dawa. Ulinuka. Wifi, mtu wa huruma, akautia wote kwenye tanuri la kukaushia chupa, akauoka mpaka ukakoma kunuka.

Mtaalamu, binti mwembamba aliyekuwa akiuchunguza udongo huo, alipofika akakaa sakafuni.

"Mama, umewaua!"

"Akina nani? Mle mlikuwa na vijidudu tu."

"Ndio hao hao! Mzizi unatoa majimaji. Vijidudu wengine wanayapenda, wanazaana. Wengine yanawawasha, wanahama. Nilikuwa nawahesabu!"

"Ungeniambia ni wageni wako, ningewatandikia."

Mkuu wa maabara hakucheka. Akataka wifi aondoke siku ile ile. Mtaalamu akamwombea: wachimbe udongo mwingine, wapande mshubiri upya kwenye makopo hapo mezani, wasubiri wiki sita. Mkuu akakubali kwa sharti moja: meza hiyo isiguswe na kitambaa wala ufagio. Ikiguswa, wifi hana kazi.

Wiki sita! Mwambie bata asilowe. Wiki ya kwanza wifi alipita amefumba macho, akagonga kabati. Ya pili akanikabidhi vitambaa vyake nimfichie. Ya nne buibui akajenga, akaoa, akaita na wakwe. Wifi akakonda, sketi ikawa inamzunguka.

"Wifi, lile vumbi linanitazama," akanilalamikia.

"Litazame na wewe, tuone nani atapepesa."

Wiki ya sita mtaalamu akapima. Kwenye mizizi aina fulani ya vijidudu ilijaa kama watu arusini. Aina nyingine ilikuwa imefunga virago, imebaki pembeni ya kopo. Binti akacheka peke yake.

Mkuu naye akaja, akapitisha kidole mezani.

"Uchafu gani huu?"

"Sharti lako, mzee," mtaalamu akamjibu.

Mkuu akakifuta kidole kwenye koti lake.

"Basi abaki."

Wifi hakusikia. Alikuwa amesimama na ndoo, anamwangalia mtaalamu.

"Sasa naweza, mwanangu?"

"Sasa unaweza, mama."

Aliisugua meza ile mpaka ya chumba cha pili ikang'aa.