Hodi ya Nne

Nilitumia miaka mitatu kutengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha, chumbani kwangu Dunda, na kitu pekee kilichokuwa kizuri ndani yake nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulikuwa mchezo wa fundi aliyebaki peke yake katika kituo kilichojengwa mwezini. Nje hakuna hewa, hakuna kiumbe. Halafu mtu anabisha hodi. Kuwatisha watu kwa kuta za chuma na taa nyekundu ni kazi ngumu, wameshaziona mpaka wamezichoka, kwa hiyo mimi nikatumia adabu yetu. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Katika mchezo wangu hodi ya tatu inapita, kimya, unashusha pumzi. Kisha inakuja ya nne.

Sauti ilikuwa ya shangazi yangu wa Kaole. Nilimfunika blanketi kichwani ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye kinasa sauti. Hodi tatu alizitoa vizuri. Ya nne akagoma.

"Mwanangu, mtu na akili zake hapigi hodi ya nne. Huko ni kuwavunjia watu heshima."

"Ndiyo maana naitaka, shangazi."

Akaitoa polepole, kwa aibu, na mimi niliyepanga kila kitu mwili ukanisisimka. Mwenyewe akacheka humo humo ndani ya blanketi. Haikupita wiki, Kaole nzima ikajua kwamba yumo kwenye kompyuta.

Kampuni ya nje iliyotaka kuusambaza mchezo ilitoa sharti moja. Wateja wao, walisema, hawataelewa kwa nini mama mtu mzima anaita mlangoni. Wapenzi wa mambo ya anga wanataka bunduki, wapenzi wa kutishwa wanataka kishindo. Weka mngurumo. Nilijua wanakosea, nilijua kabisa! Lakini nilitamani mno kuonekana mtu wa maana, nikamfuta shangazi, nikaweka mngurumo wa jenereta bovu. Mchezo ukatoka. Wachache walioununua waliandika kwamba unafanana na mingine yote. Najuta hadi leo, wala sina wa kumlaumu.

Shangazi sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba hatauona, maana hata simu yake ni ya vitufe. Jumamosi moja akaja, kajifunga doti mpya ya kanga, kaongozana na majirani zake wawili, wakaketi mkekani mbele ya skrini. Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikawasha. Fundi akatembea, taa zikazimika, mngurumo ukapita, majirani wakashtuka wakacheka.

"Mimi naingia lini?" akauliza shangazi.

"Bado kidogo, shangazi," nikamjibu, nikaendelea kucheza mpaka mwisho.