Barakoa ya Ngagi

Siku ile ya Kashebere, mwanangu, naikumbuka kwa masikio zaidi ya macho, maana nilikuwa ndani ya barakoa. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia Jumamosi unaenda kuuza jezi kwenye mkutano wa mashabiki, na mtoto unaenda naye. Kaa kwanza. Chai haikimbii.

Mama yangu alikuwa mshonaji, kule kwetu Kibabi. Mwaka ule mashabiki wa mieleka, ile tunayoita kachi, walikusanyika Kashebere kutoka pande zote, hata Hombo, kumlaki bingwa wao aliyejiita Ngagi, jina la sokwe mkubwa wa misitu yetu. Ngagi alipigana amefunika uso na hakuwahi kutamka neno mbele za watu. Mashabiki wake walimwiga hivyo hivyo, wakubwa kwa watoto. Basi Mama akashona barakoa nyeusi gunia zima, akaenda nazo sokoni, kando ya uwanja wa kachi, na mimi nyuma yake. Nilikuwa mdogo, bado meno ya mbele sina.

Akanivika moja na kunisimamisha mbele ya meza ili wateja waone.

"Usitoe maski, na usiseme kitu mpaka mimi njo nikuambie," alisema. "Ngagi haisemi. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa mkali, usidhani huo ukali wangu niliuokota njiani.

Barakoa zilinunuliwa mno. Kufika mchana karibu kila mtoto pale uwanjani alikuwa na uso kama wangu. Ngagi aliposhinda, watu wakauvamia ulingo, umati ukanizoa na kunitupa upande wa barabarani. Kabla sijajua niko wapi, mwanamume mmoja akanishika kwapani, akanipandisha kwenye lori lililojaa watoto wenye barakoa.

"Batoto ya Hombo, mupande mbio! Mvua iko inakuja!"

Hakuwa mtu mbaya. Aliona barakoa, hakumwona mtoto. Na njia ya Hombo siku zile haikuwa ya kupita giza likishaingia, kwa hiyo dereva naye alikuwa na haraka, injini ikinguruma.

Hapo nikamsikia Mama akiniita. "Furaha! Furaha weee!" Alipita kando ya lori, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa kitambaa cha kichwa. Nililia mpaka barakoa ikanigandia mashavuni, lakini sauti sikutoa. Alisema nisiseme mpaka aniambie, na alikuwa bado hajaniambia. Niliiogopa Hombo, ila yeye nilimwogopa zaidi.

Akarudi, akapita tena. Sauti yake ilishaanza kukatika. Ndipo Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza sabuni kwenye meza ya jirani, akamkamata mkono.

"Dada, wacha kuita jina! Ulimukataza kusema, sasa unataka akuitike? Mufungulie kwanza!"

Lori likaanza kusogea. Mama akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia: "Furaha, nakuruhusu! Toa maski, mama! Sema!"

Nikaing'oa barakoa nikapiga yowe. Watu wakagonga mbao za lori kwa ngumi, dereva akafunga breki. Mama alinipokea, akakaa chini palepale kwenye matope, akinishika uso kama anauhakikisha.

"Sikusema, Mama," nikamwambia, nikingoja anisifu.

Hapo ndipo alipolia.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukimkataza mtoto jambo, mwambie palepale ni wakati gani katazo hilo linakwisha. Mwambie: ukiogopa, ukinikosa machoni, vunja yote niliyokuambia, piga kelele, sitakugombeza. Mwambie hapa nyumbani kabla hamjatoka, nami nisikie. Na usijivunie sana mtoto anayetii kimya. Mimi nilitii vizuri kabisa, na kidogo tu nilale Hombo kwa watu nisiowajua, mama yangu akibaki na meza.

Nenda kauze. Mungu akufungulie njia na mikono ya wanunuzi. Na mtoto wako akikuita katikati ya kelele zote zile, Mungu akupe sikio la kumsikia, naye mtoto ampe moyo wa kukuita.