Ini la Asubuhi

Bucha la kaka yangu na kibanda changu cha cherehani viligawana ukuta mmoja wa mbao. Aliyosema yeye niliyasikia mimi, na niliyosema mimi aliyasikia mtaa mzima. Mkewe alifariki binti yao akiwa darasa la pili, na kaka hakuoa tena. Nilimtafutia wanawake wawili, wote wazima na akili zao timamu. Akasema wao wananukia marashi, yeye ananuka damu, hawataelewana. Basi mtoto tukamlea sisi wawili, mimi nikimshonea sare, yeye akimlisha nyama.

Mtoto akatokea na kichwa chepesi. Mtaani wakambandika jina la Profesa akiwa bado anavuta soksi hadi magotini. Alipopata nafasi chuo kikuu kusoma kemia, kaka alimtangazia kila mteja, hata wale wa kununua mifupa. "Atafanya kazi kiwanda cha rangi," alisema, maana hiyo ndiyo kemia pekee aliyoijua.

Kumbe ukifika mwaka wa tatu unachagua tawi. Shahada inabaki kuwa ya kemia, ila masomo yanaelekea upande mmoja. Profesa akarudi likizo akasema amechagua biokemia.

"Ndiyo nini hiyo?" kaka akauliza, kisu kikiwa hewani.

"Kemia ya vitu vyenye uhai, baba. Mwili unavyofanya kazi ndani kwa ndani."

"Mimi vikinifikia hapa uhai umeshatoka. Kwa hiyo rangi basi?"

"Rangi basi."

"Utakuwa daktari?"

"Hapana, baba."

"Sasa mama, wagonjwa huwatibu, kuta huzipaki rangi. Utakuwa nani wewe?"

Kabla hajajibu, muuza mkaa wa jirani, aliyelisikia neno daktari, alikuwa ameshakunja suruali amwonyeshe jipu. Nikamfukuza. Nikamwambia na kaka, kupitia mbao zetu: "Mwache mtoto asome anachotaka. Wewe ulitaka kuwa polisi, mbona umeishia kukamata ng'ombe?"

Akacheka mpaka akakaa. Na alipomaliza kucheka akawa upande wa binti yake moja kwa moja, ndivyo alivyokuwa.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anafanya utafiti wake, na asipoukamilisha hapati shahada. Profesa alichagua ini. Kwenye ini kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, kidogo hakionekani kwa macho, lakini ukilidondoshea ile dawa ya kusafishia vidonda, linachemka povu kama sabuni. Yeye alikuwa anapima nguvu ya lile povu inavyopungua nyama ikikaa kwenye joto na ikikaa kwenye barafu. Ilitakiwa ini la ng'ombe wa asubuhi ileile. La jana linaharibu hesabu yote.

Mwenye ini nani tena? Kila Jumanne na Alhamisi kaka alikwenda machinjioni mwenyewe, akachagua, akakata kipande cha katikati kisicho na mishipa, akakifunga. Profesa anakuja na chombo cha barafu, anakiweka humo kama mtoto mchanga, anakimbia maabara. Wateja wakaanza kudai ini la chuo kikuu. Kaka alikuwa anang'aa, nasema kweli.

Halafu akaanza kukonda. Aliongeza tundu kwenye mkanda kwa ncha ya kisu, kisha jingine. Nikimuuliza, malaria. Nikimwambia aende hospitali, aende lini na nyama aiache na nani. Siku moja akaja kazini na miwani ya jua, ndani ya bucha, kwenye kiza. Watu wakamtania kwamba amekuwa mcheza filamu, naye akawapigia pozi na kisu.

Alhamisi Profesa akaja na barafu yake, akaweka kipande chake humo. Akasimama mbele ya mizani akimtazama.

"Baba, vua miwani."

"Jua kali."

"Humu ndani?"

Akanyoosha mkono akaivua mwenyewe, mbele ya wateja. Weupe wa macho ulikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Hii si malaria," akasema.

"Wewe si ulisema si daktari?"

"Si daktari. Ndiyo maana nataka uende kwa daktari."

"Nitakwenda utafiti wako ukiisha. Nikilazwa mimi, ini utapata wapi? Hao wengine watakuuzia la juzi."

Mtoto akakitoa kipande kwenye barafu, akakirudisha juu ya mizani.

"Sichukui. Siku ukienda hospitali ndipo nitachukua."

"Utafeli."

"Nitafeli."

Akaondoka. Kaka akaniambia, "Jumanne atakuja." Jumanne hakuja. Simu za baba yake hakupokea. Alikuwa anapiga yangu: "Shangazi, ameenda?" Nikisema hajaenda, anakata. Kaka naye, ukaidi mtupu, aliendelea kudamka machinjioni, anakata kipande chake, anakiweka pembeni, na mtu akikiulizia anasema kina mwenyewe. Mchana kikishachacha anawatupia paka. Paka wa mtaa ule walinenepa wakawa hawatembei.

Wiki zikapita hivyo. Nilizungumza na huyu, nikazungumza na yule, kila mmoja akinituma kwa mwenzake kama mshenga wa ndoa iliyovunjika. Mwisho mhadhiri wa binti akamwita, akamwambia asipoleta vipimo atarudia mwaka. Nikatoka kibandani nikamwambia kaka mbele ya wateja wake: "Mwanao anarudia mwaka kwa sababu yako. Sasa kaa na miwani yako."

Akaweka kisu chini. Akavua aproni, akafunga bucha nyama ikiwa inaning'inia, akasema, "Nisindikize."

Nikampigia Profesa, akatukuta hospitali. Walimpima kaka damu, wakampiga picha ya tumbo, wakatuita mimi na binti pembeni. Uvimbe ulikuwa kwenye ini, umeshatambaa. Hapakuwa na cha kukata wala cha kutibu, ni kupunguza maumivu tu.

"Angekuja mwanzo wa muhula?" Profesa akauliza.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alitaka kumtua mzigo. "Hata angekuja mwanzo wa muhula, binti, tungeongea maneno haya haya."

Tulipotoka akakaa kwenye benchi la ukumbini. Nilidhani analia kwa ugonjwa.

"Shangazi," akasema, "kwa hiyo zile wiki nilimnunia bure. Alikuwa nazo chache, nikazichukua mimi."

Nikamwambia asiseme upuuzi.

Kaka tukamrudisha nyumbani. Sasa wakaongea baba na binti! Kaka akamuuliza, kwa mara ya kwanza, ini lina kazi gani. Profesa akamweleza huku akimkanda miguu: linachuja sumu, linatunza sukari, linatengeneza nyongo, linafanya kazi mamia usiku na mchana bila kulalamika.

"Ndiyo maana nililipandisha bei," akasema kaka, na wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda nje.

Kaka akamlazimisha arudi maabara. Machinjioni nikawa naenda mimi, na ini lazima nimpitishie kitandani alibonyeze kwa kidole. "La jana hili, umeuziwa. Wanakuona mshona nguo." Nikarudisha mara mbili, wachinjaji wakanichukia. Hata hivyo Profesa alipata vipimo, nusu, na zaidi ya nusu.

Alhamisi moja nikaingia na ini, nikamkuta binti ameshika mkono wa baba yake, na mkono umeshapoa. Aliniangalia, akaangalia kifurushi. Siku ile hakuna kilichopimwa.

Chuo kikampa muda. Alimalizia kwa ini la bucha jingine, akafaulu, si vibaya, si vizuri sana. Walimwambia aendelee na shahada ya pili akakataa. Anapima maji kwenye idara ya maji siku hizi, kazi safi, haina harufu. Bucha amepanga fundi wa simu.

Jumapili anakuja kwangu. Anakaa kwenye kiti cha wateja, tunaongea habari za watu, tunasengenya kidogo. Halafu anauliza.

"Shangazi, zile wiki alikuwa amenikasirikia?"

"Hapana."

"Alikuwa anasemaje?"

"Alisema una kichwa kigumu kama marehemu mama yako, na anashukuru, maana hutaonewa na mtu."

Anatabasamu. Anafuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mezani. Jumapili inayofuata ananiuliza tena, maneno yaleyale, kama vile sikumjibu.